Kusubu vichwa vya risasi mwenyewe kwa ajili ya raifo, kuna mtu anafanya hapa Dom?

Ngwale_wa_Chemba:
Wakuu mbukwenyi. Niko Chemba, nina raifo ya .30-06, leseni ipo hai na nawinda kwa kibali cha mkazi msimu ukifunguliwa, kwa hiyo asije mtu hapa akaniita jangili.

Shida yangu ni risasi. Boksi moja hadi ulipate ni safari, kibali cha kununulia, nauli, ukifika dukani unaambiwa hiyo size haipo njoo mwezi ujao, na ikiwepo bei yake unarudi nyumbani huongei na mtu. Sasa nimekuwa naangalia YouTube naona wazungu wa Marekani wanayeyusha risasi hii madini kwenye sufuria ya umeme, wanamimina kwenye kalibu ya alminiamu, vinatoka vichwa, wanavipaka nta, wanachukua ganda lililokwishapigwa wanaweka fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti wanabana kile kichwa juu basi, kitu kimekuwa kipya. Maganda yangu yote ninayo sijawahi kutupa. Na vile virisasi vya kubalansia tairi nimeshaanza kukusanya kwa vijana wa magurudumu barabara ya Kondoa.

Maswali yangu: hii kitu inafanya kazi kweli kwenye raifo au ni maonyesho tu? Na kama risasi tupu, yaani hayo madini peke yake, inatosha mbona za dukani zimevishwa shaba? Na sheria yetu inasemaje, maana maganda ni yangu na bunduki ni yangu.

chizi_freshi:
Mkuu hapa umejitangaza mwenyewe, sikilizia defenda getini 😂

MzeeWaPori:
Naanza na swali lako la mwisho kijana wangu maana hayo mengine hayana maana kama hili hujalielewa.

Leseni uliyonayo ni ya kumiliki silaha. Haikuruhusu kutengeneza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyokuja kuchukua nafasi ya ile ya zamani ya 1991, inatenganisha kabisa kumiliki, kuuza na kutengeneza, na kila kimoja kina ruhusa yake. Kutengeneza risasi bila ruhusa ni kosa la jinai hata kama bunduki ni halali, maganda ni yako na hujamuuzia mtu hata moja. Na usije ukafikiri utaomba tu fomu pale kituoni upewe kama kibali cha kuchinjia ng'ombe wa harusi. Kutengeneza risasi nchi hii ni kazi ya shirika la Mzinga kule Morogoro na hao wako chini ya jeshi.

Halafu jiulize hiyo baruti na hizo fataki utazitoa wapi. Kichwa unaweza kusubu, ganda unalo, lakini ukienda kutafuta baruti mtaani utaipata kwa watu wa aina gani? Ndiyo hapo ambapo mtu mwenye leseni safi anakutwa kwenye kesi moja na majangili wa Rungwa. Nimefanya kazi ya wanyamapori miaka mingi, Swagaswaga, Muhesi, Kizigo, huko kote nimelala porini. Walinzi hawakuulizi una nia gani, wanaangalia ulichokutwa nacho.

Ngwale_wa_Chemba:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, hapo kwenye baruti kweli sikuwa nimefika. Basi tuache kufanya, lakini nataka kuelewa tu kitaalamu, maana nimeshaangalia video nyingi sana na bado sijajua mbona wengine wanasema inaharibu mtutu.

mbongo_Montana:
Mimi niko huku Marekani na huku ni hobi halali kabisa, baruti unanunua dukani kama mbolea, na Afrika Kusini na Namibia pia wenye leseni wanajaza wenyewe. Nachoandika hapa ni namna kitu kinavyofanya kazi, vipimo vya baruti sitoi hata ukinifuata inbox, mzee ameshaongea na nakubaliana naye asilimia mia.

Inafanya kazi, ila kwa masharti, na sharti kubwa ni SPIDI. .30-06 yako ukipiga kichwa cha dukani cha greni 180 (hiyo ni gramu 11 na kitu) kinatoka kwenye mtutu kwa kama mita 820 kwa sekunde. Kichwa cha kusubu watu wengi wanakiendesha chini ya mita 600. Kwa nini? Risasi tupu ni laini mno. Ugumu wake kwenye skeli ya Brinell ni kama 5, ukucha wako unaikwaruza. Ukiisukuma kwa nguvu zote za .30-06 inaingia kwenye ile mistari ya kuzungusha ndani ya mtutu, badala ya kushika mistari izunguke inachunika inapita moja kwa moja, na huku nyuma gesi ya moto inapenya pembeni inakata kichwa inabaki imepaka risasi kwenye ukuta wa mtutu. Baada ya hapo shabaha kwisha habari. Unalenga swala pala unapiga mti wa jirani yake.

Ndiyo maana shaba. Tena hiyo ina historia yake, zamani bunduki zote zilipiga risasi tupu kwa sababu baruti nyeusi haikuwa na spidi kubwa. Mwaka 1882 mwanajeshi wa Uswisi Eduard Rubin akavisha kichwa shaba, 1884 Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyo na moshi, 1886 Wafaransa wakaiweka kwenye bunduki yao ya Lebel, na tangu hapo spidi zikapanda na risasi tupu ikaachwa nyuma kwenye raifo za jeshi.

Sasa hawa jamaa wa YouTube wanazungukaje hilo tatizo, kwanza hawatumii risasi tupu. Wanaichanganya na madini ya bati na antimoni. Antimoni ndiyo inakaza, bati inasaidia mchanganyiko ujaze kalibu vizuri kona zote. Kuna mchanganyiko maarufu wa risasi 90, bati 5, antimoni 5 kwa mia, huo unafika ugumu wa kama 15. Herufi za zamani za mashine za kuchapia magazeti zina antimoni kama 12 na bati 4, ule unafika 22. Pili wanaweka kikofia kidogo cha shaba kwenye kitako cha kichwa kuzuia gesi isile. Tatu grisi, nta ya nyuki ikichanganywa na vitu vingine, au siku hizi wanavipaka ile rangi ya unga ya mageti wanavioka kwenye oveni nyuzi kama 200, inakuwa ngozi ngumu.

Ila kitu wageni wa hii hobi hawakijui, ukubwa unashinda ugumu. Mtutu wa inchi .308 kama wa hiyo .30-06 yako unataka kichwa cha kusubu kiwe .309 au .310, kizidi kidogo tu kizibe. Kichwa kigumu lakini chembamba kitapaka mtutu vibaya kuliko kilaini kinachobana. Watu wanakimbilia kukaza kukaza, wakati hata hawajapima mtutu wao, na kuupima ni kupitisha kipande cha risasi laini ndani polepole kwa ufito halafu unapima kilichotoka. Unashangaa mtu ana kila mashine mezani lakini hilo hajafanya.

Ngwale_wa_Chemba:
Daah mkuu umemwaga nondo. Sasa .22 mbona ni risasi tupu na haisumbui? Mjomba anayo ya kupigia kanga miaka na miaka.

mbongo_Montana:
Kwa sababu .22 ya kawaida inaenda mita 320 hadi 380 hivi na kichwa kina nta au kimepakwa shaba nyembamba sana. Hiyo spidi risasi tupu inaimudu. Ukirudi nyuma ndiyo spidi za bunduki za baruti nyeusi zilikuwa humo humo.

Irangi_Mkongwe:
Hapo kwenye baruti nyeusi naongezea kidogo sababu mnaongelea mambo yaliyopita kwetu. Vita ya kwanza ya dunia askari wengi wa Mjerumani huku Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, kichwa cha risasi tupu gramu 25 hivi, spidi kama mita 430. Wenzao upande wa Mwingereza wana .303 isiyo na moshi. Askari akipiga moja tu wingu la moshi linapanda juu ya kichaka, kila mtu anajua alipo. Mwaka 1916 wakapigana Kondoa Irangi hapa hapa kwetu, na mwezi wa saba mwaka huo majeshi ya jenerali van Deventer wa upande wa Mwingereza yakaingia Dodoma na kuikamata reli. Watu wanapita Kondoa wanaenda Arusha wanafikiri ni michoro ya miambani ya Kolo tu ndiyo iliyopo.

chizi_freshi:
Sasa nyie wazee mnatisha watu na sheria, mbona huko vijijini magobore yanatengenezwa na wahunzi kila siku, mabomba ya maji, wanashindilia goroli na vipande vya nondo na risasi za betri, na mtu anakula kanga wake maisha yanaenda. Mwenye leseni ndiyo azuiwe?

MzeeWaPori:
Gobore hilo hilo ndilo nimelikuta limepasuka na mwenyewe kakaa pembeni hana vidole. Tena la baruti ya kienyeji ambayo presha yake ni ndogo. Hiyo .30-06 chumba chake cha kuwekea risasi kinahimili presha hadi psi 60,000. Tairi la lori linajazwa psi mia na kidogo, na umewahi kuona tairi la lori likipasuka mbele ya kijana anayejaza upepo bila kizimba? Sasa mtu aliyezidisha baruti kidogo, au akamimina mara mbili ganda moja kwa sababu simu iliita, uso wake upo inchi ngapi kutoka kwenye hicho chumba? Upana wa kiganja.

Na wahunzi wanakamatwa, ni vile tu wewe hujakaa mahakamani Manyoni ukasikiliza. Usipime uhalali wa kitu kwa wingi wa wanaokifanya.

Jambo jingine la uwindaji ambalo vijana hamlifikirii. Sheria inapoweka kwamba nyati na wanyama hatari wengine hawapigwi na bunduki ya chini ya .375, haikuwekwa kwa kujaza karatasi. Mnyama aliyejeruhiwa ni deni, utamfuata kwenye majani hadi ummalize, na kama ni nyati yeye ndiye anakusubiri. Risasi ya kiwandani najua ikipiga itapanuka vipi na itaingia kiasi gani. Hicho kichwa chako ulichosubu jikoni leo kina bati nyingi kesho kina kidogo, kimoja kina kipovu cha hewa katikati, utajua kikipiga bega la pofu kitafanya nini? Hujui. Watu wa huko kwa Montana wanavipima kimoja kimoja kwenye mizani na wanapiga kwenye karatasi mwaka mzima kabla hawajakipeleka porini.

mbongo_Montana:
Kweli mzee. Na wengi wao hawakipeleki porini kabisa, wanaishia kwenye karatasi na vikopo. Kuokoa hela ni sababu ndogo, kubwa ni mtu kapenda kukaa gereji.

fundi_betri_Kizota:
Mi bunduki sijui ila kuyeyusha risasi ndo kazi yangu, tunatengeneza nguzo za betri zikivunjika. Naona hamjaongea habari za moto wenyewe nami nawaambia hiyo kitu si uji.

Risasi inayeyuka nyuzi 327. Ukiitazama imekaa imetulia kama haina neno. Sasa tone la maji liingie chini yake, jasho la paji la uso tu linatosha au kipande ulichotupia kina unyevu, maji yanageuka mvuke yanapanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita hapo hapo, sufuria nzima inaruka juu. Kuna kijana tulikuwa naye gereji ile siku mvua za kwanza za mwezi wa kumi na mbili zinaanza na bati lilikuwa na tundu, ana makovu shingoni hadi leo. Kwa hiyo chuma chochote kinachoingia kipashwe moto kwanza juu ya ukingo kikauke.

Na zile balansi za tairi kaka Ngwale zimekuchanganya. Za zamani zilikuwa risasi yenye antimoni kidogo, lakini siku hizi nyingi ni zinki au chuma tupu. Chuma inaelea haina shida unaichota. Zinki inayeyuka nyuzi kama 420, ukizidisha moto inaingia kwenye mchanganyiko wote unakuwa kama uji wa mtama haujazi kalibu tena na huwezi kuitoa kirahisi. Ukiikata na koleo risasi inakatika laini, zinki inagoma.

Betri usiguse kabisa. Zile sahani ndani zina asidi na madini mengine, zikipata moto na zikija kupata unyevu zinaweza kutoa gesi za sumu mbaya sana za arseniki na antimoni. Sisi wenyewe tunachukua nguzo tu na viunganishi, sahani zinaenda kwa wanaonunua. Na hata hivyo fundi mkubwa alikuwa anatukataza kula pale.

Nesi_Makole:
Afadhali fundi umesema kuhusu kula, nimesoma uzi wote nasubiri mtu ataje watoto.

Sumu ya risasi haiji sana kwa moshi kama mnavyofikiri, kwenye nyuzi za kawaida za kuyeyushia mvuke wake ni kidogo. Inakuja kwa vumbi. Ule ukoko wa kijivu unaochotwa juu ni oksaidi, unakauka, unapeperuka, unakaa kwenye mikono, nguo, kiti cha pikipiki, mtoto anakumbatia baba amerudi kazini halafu anaweka vidole mdomoni. Mwili wa mtoto unanyonya risasi kuliko wa mtu mzima na inaenda kwenye ubongo. Hakuna kiwango kinachohesabika salama, WHO wanasema damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita mtafute chanzo mkitoe. Na ikishaingia kwenye mifupa inakaa miaka na miaka.

Mombasa kuna mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa pembeni ya nyumba za watu, wakaumwa, wakaenda mahakamani na mwaka 2020 wakahukumiwa kulipwa shilingi za Kenya bilioni 1.3. Senegal, Thiaroye pale Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, akina mama walikuwa wanachekecha mchanga wenye mabaki ya betri. Hao hawakuwa wanatengeneza silaha, ni watu wa kawaida wanatafuta hela ya unga.

Dalili zake zinadanganya, tumbo linauma linafunga, kichwa, uchovu, damu kupungua, kwa mtoto ni kuchelewa darasani na hasira. Mtu anameza dawa za minyoo mwaka mzima. Fundi naomba nguo za kazi uziache kazini na unawe kwa sabuni kabla hujashika chochote cha mdomo, sigara ikiwemo. Na sufuria ya risasi isirudi jikoni hata kama umeisugua hadi inang'aa.

fundi_betri_Kizota:
Asante dada. Nguo naziacha ila kuna sigara... nimekusikia.

Ngwale_wa_Chemba:
Nashukuru wote. Kwa sheria na hao watoto wangu wanne wanaocheza pale uani nimeachana nayo, nitaendelea na za dukani na nitajipanga na wenzangu wenye size kama yangu tuagize pamoja duka lituletee kwa mkupuo kila mtu na kibali chake, mzee hiyo si inaruhusiwa?

La mwisho kwa Montana. Ile .22 ya mjomba nimeangalia ndani kwa tochi kuna vitu vya kijivu vimeganda karibu na mdomo wa mtutu. Ndiyo hiyo risasi unayosema?

MzeeWaPori:
Kila mmoja na kibali chake, anapokea zake mwenyewe na anasaini mwenyewe. Usije ukapokea za mwenzako eti unampelekea, hapo tena tutakuwa tumeanza upya.

mbongo_Montana:
Ndiyo yenyewe. Ikiwa karibu na mdomo maana yake kilainishi kinaisha njiani kabla kichwa hakijatoka, ikiwa karibu na chumba mara nyingi kichwa hakizibi vizuri. Kwenye .22 si ugonjwa wa kutisha. Hakikisha kwanza haina kitu chumbani, toa bolti kabisa, weka mafuta ya kupenyeza uache usiku mmoja, asubuhi pitisha brashi ya shaba ukianzia nyuma kama bunduki inaruhusu, halafu kitambaa kikavu hadi kitoke bila vipande vya kijivu. Vile vitambaa usiviache uani, vifunge utupe mbali na kuku na watoto. Na mwambie mjomba asije akatumia stili waya ya kusugulia sufuria, itakwaruza mtutu na mikwaruzo haitoki.